Mashudu

Nimeingia na futi ya chuma na fomu ya kaunti,
kurasa sita, mihuri miwili,
na kalamu inayovuja mfukoni.
Ndia Kuu, saa nne asubuhi:
harufu ya mahamri inakatika, ya mifereji inaanza,
na ukuta wa jirani uko karibu
hata kivuli hupita kwa ubavu.

Bi Salmina bint Awadh hakuniuliza jina.
"Wewe ndiwe wa kupima?
Basi pima. Ila ngazi ya saba usiikanyage,
ina wenyewe."
Ilikuwa imeoza tu. Nilijua baadaye, kwa mguu.

Nikaandika: mlango, msaji,
pete moja ya shaba, ya pili imeibwa.
Nikaandika: vyumba vya juu, tisa.
Hapa palikuwa musafarikhana.
Walilala wa Kismayu, wa Kachi, wa Ngazija,
na karani wa forodha aliyekuja kwa siku tatu
akakaa miaka kumi na minne,
akafia chumba cha nne akidaiwa sabuni.
Daftari lao lipo. Mchwa wamelila upande mmoja:
majina yote yamesalia,
walikotoka kumeliwa.

Nikashuka. Sakafu ya chini ikanishinda.
Katikati ya ukumbi chokaa imezama,
duara, kina cha vidole vinne,
laini kama mdomo wa kikombe.
Nikapiga magoti, nikapitisha kiganja.
"Huyo ni Mudiri," akasema Bi Salmina,
kama anayetujulisha.

Ngamia. Babu yake alimpa jina hilo
kwa kuwa alitembea siku nzima pasi na kuona kitu
na kila mtu akampisha.
Macho yamezibwa kwa vifuniko vya ukili,
anauzunguka mti wa kinu, ufuta unalia,
uto unatona mtungini, tone,
tone,
na jioni hulishwa mashudu,
makapi ya jasho lake mwenyewe.
Alikuwa akiyapenda, asema. Akiyapenda sana.

Juu, wageni walilala kwa mlio ule.
Msimu wa harusi kinu hakikutua hadi usiku,
mti ndani ya mti, ukigugumia,
na wachanga wakabembelezwa nao.
Usiku ambao Mudiri alipiga magoti asiinuke,
nyumba nzima iliamka.
Haikuamshwa na kelele. Kimya ndicho kilichowaamsha.
Vyumba tisa, milango tisa, taa tisa ngazini,
na kila mmoja anamwuliza mwenziwe:
"Nini hicho?"

Fomu inauliza: Matumizi ya zamani.
Kisanduku kimoja, upana wa ukucha.
Fomu inauliza: Matumizi ya sasa.
Pikipiki mbili, magunia ya mitumba,
meza ya kuchajia simu, na kijana Shekuwe
aliyeweka kiti chake cha plastiki mle mle duarani
maana hapo, asema, ndipo upepo unapopita.
Fomu inauliza: Hali ya sakafu.
Nzuri. Wastani. Mbovu. Weka alama.
Na chini, kwa mwandiko usio wangu,
mtu wa ofisini ameshajibu:
Isawazishwe kwa saruji.

Nikakaa na ukurasa ule magotini.
Muadhini wa adhuhuri akaanza, wa pili akamfuata,
Shekuwe akafunika meza yake.
Nilipoitoa kalamu, wino ukanitangulia,
doa likatanda juu ya neno saruji
polepole, kama uto kwenye karatasi.
Sikulipangusa.

Kutoka, sikukata katikati.
Nilifuata ukingo, mguu wa kushoto ndani ya njia yake,
mara moja, kisha mara nyingine,
nikiona haya na nisiache.
Bi Salmina alinitazama kutoka mlangoni.
Akanifungia mahamri ya jana kwenye gazeti.
"Kula, mwanangu," akasema.
"Umezunguka sana."